Nilivyopunguza vurugu kwenye somo la umeme

Nafundisha fizikia kidato cha pili, huku Mbagala. Siku ya kwanza kutumia programu ya PhET ya kuunga saketi, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, nilidhani nimepata mkombozi. Ni ya bure, na ukishaipakua haili bando. Nikagawa laptop nne, nikasema: "Haya, chezeni."

Wakacheza kweli! Dakika tano hazijaisha, kila kundi limeshagundua kwamba ukiunga waya mtupu kwenye ncha mbili za betri, betri inawaka moto. Kipindi kizima ikawa kuchoma betri. Nilipouliza mkondo unabadilikaje volti zikiongezeka, kimya. Binti mmoja wa mbele akasema, "Mwalimu, vidoti vya bluu vinakimbia, Kiingereza kimejaa, namba nazo zinabadilika. Nikiangalia hiki, kile kimeshanipita."

Hapo ndipo nikamkumbuka John Sweller, mwanasaikolojia wa elimu aliyeandika mwaka 1988 kuhusu mzigo wa akili, nadharia tuliyoisoma chuoni tukaikariri kwa ajili ya mtihani. Nafasi ya akili kushika mambo mapya kwa mpigo ni finyu. Mtoto akiimaliza kwa kutafuta pa kubofya, ya kujifunzia haibaki.

Kipindi kilichofuata, saketi niliiunga mwenyewe kabla: betri ya volti 9, kikinzani cha ohmu 10, swichi, ammita ya kupima mkondo. Basi. Elektroni (vile vidoti vya bluu), majina, thamani, vyote nikavificha kwa kuondoa tiki. Maneno ya Kiingereza tulikuwa tumeyamaliza jana yake ubaoni, kila moja na Kiswahili chake.

Kabla ya kuwasha swichi, kila mtu aliandika daftarini ammita itasoma ngapi. Ikasoma 0.90. Nikapandisha betri hadi volti 18: "Andikeni tena." Wengi wakaandika 1.80 kabla sijagusa kitu. Kilichonishinda zaidi ni kunyamaza wakati wanaangalia. Mwalimu kufunga mdomo ni kazi jamani.

Moto sikuupiga marufuku. Niliuachia dakika tano za mwisho.

Elektroni nilizirudisha kipindi cha tatu. Yule binti akazima swichi, akasogea kwenye kioo. "Kumbe haziishi? Zimesimama tu humohumo kwenye waya?"

Akaiwasha tena, akaizima tena. Jirani yake akamnyang'anya mausi.