Nilimtukana dada wa duka la dawa bure, kumbe shida ilikuwa pampu

Siku ya tatu baada ya kupiga dawa nimefika shamba asubuhi nikakuta nyanya zimejikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Majani ya juu yamekuwa membamba yamesokoteka kama nyuzi, mashina yamepinda yanaangalia chini, na juzi yake tu zilikuwa zimesimama zinatoa maua. Robo tatu ya eka hiyo, mbegu chotara, samadi nimeleta kwa toyo trip sijui ngapi. Nikakaa kwenye tuta nikashika kichwa.

Sasa wazo la kwanza si ndo lile letu wote, dawa feki. Nikabeba pakiti mpaka duka la pembejeo, yule dada nikamtolea maneno ambayo hadi leo nikipita pale naangalia upande wa pili, eti umeniuzia sumu, eti nakupeleka kwa wenye mamlaka ya viuatilifu. Akaniacha nikaongea mpaka nikachoka, afu akauliza kwa upole, "Kaka, pampu uliyopigia ni ya kwako?"

Haikuwa yangu.

Iko hivi, mi nalima Ilula, Iringa, na Februari huku mvua haichekeshi, asubuhi ukungu, mchana manyunyu, hali ya hewa ambayo bakajani chelewa, ule ugonjwa wa kuvu unaoozesha majani ya nyanya, anaipenda kuliko mtoto anavyopenda pipi. Nilishaona majani kadhaa yana madoa kama yameungua maji ya moto, na ukiligeuza jani asubuhi kabla jua halijatoka unaona kwa chini unga mweupe pembeni ya doa, ukishauona huo huna siku za kupoteza. Pampu yangu washa ilikuwa imekufa inanivujia mgongoni, nikaenda kwa mzee jirani, shikamoo mzee, naomba pampu, marahaba chukua hapo mlangoni nimeshaisuuza. Na kweli aliisuuza. Ila mwezi mmoja nyuma alikuwa amepigia dawa ya magugu kwenye mahindi, ile 2,4-D wenyewe wanaita tufodi.

Ile dawa inaua majani mapana inaacha mahindi, maana mahindi ni ndugu wa nyasi. Nyanya ni jani pana, na tena katika majani mapana yeye ni mlaini kweli, kiasi kidogo sana kinamtosha. Haimuunguzi, inajifanya homoni ya ukuaji, mmea unachanganyikiwa unakua hovyo, huku unarefuka huku unajisokota. Na mabaki yake hayakai ndani ya tenki unakoona, yanajificha kwenye mpira na washa na chujio, we unasuuza maji mara moja unaona yanatoka safi unaridhika, unakuja kutia dawa nyingine yenye mafuta yake na sabuni yake, hiyo ndo inayang'oa yanatoka yote kwenye nyanya zako.

Mi nilibisha kwanza. Nikamwambia hii ni rasta, inzi weupe wameleta virusi. Dada akasema rudi shamba ukaangalie mistari, ulianzia wapi kupiga na ukamalizia wapi. Nikarudi. Jamani. Mistari niliyoanza nayo pampu ya kwanza ilikuwa imekwisha kabisa, ya pampu ya pili ina nafuu, ya tatu imejikunja kidogo kwa juu, na ile ya nne kule chini karibu na mfereji ilikuwa kama haijaguswa. Rasta hauji hivo, unakuja mche mmoja huku mwingine kule, majani yanadumaa yana njano pembeni. Ugonjwa gani utakuwa na akili ya kufuata njia niliyopita mimi, tena kwa mpangilio ule ule? Nilirudi dukani na soda mbili, moja yake moja yangu, sikuwa na maneno mengi.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchunguza pampu, wenzangu wananicheka. Nikagundua hata siku ile bila tufodi bado ningekuwa nimepiga hovyo. Nozeli iliyokuwa kwenye pampu ya mzee ni ya magugu, inatoa bapa kama fagio na matone makubwa, nzuri kwa ardhini, ila kwenye jani la nyanya matone yanateleza yanadondoka. Kwa wadudu na ukungu unataka ile inayotoa duara kama mwavuli, matone madogo yanaingia mpaka chini ya majani, maana huko chini ndo ugonjwa ulipo.

Afu kuna hesabu. Yule dada alinifundisha, pima mita kumi kwa kumi, weka maji matupu kwenye pampu, piga kama unavyopigaga siku zote, ona umetumia lita ngapi. Mimi kwa nyanya zilizofunga ilikuja lita 4, na eka ni kama mita za mraba 4000, kwaiyo ni mara 40, lita 160, yani pampu 8 za lita 20 kwa eka na kwangu robo tatu ni pampu 6. Siku ile nilitumia 4 na nikajiona nimemwaga dawa kweli kweli. Dozi kwa kila pampu nilikuwa naweka sawa, ila nilikuwa natembea kama nakimbizwa na nyuki, theluthi nzima ya dawa haikufika kwenye majani. Na wengine wanaopima kwa kizibo cha chupa, kizibo cha chupa gani sasa, kila chupa na kizibo chake!

Na kantangaze, yule kiwavi anayechimba majani ya nyanya, nako ni hivyo hivyo, watu wanalalamika dawa haziui. Huyu mdudu asili yake Amerika ya Kusini, huku kwetu kaingia 2014, na hajaacha kitu. Chukua jani lenye michoro kama ramani, linyanyue uliangalie dhidi ya jua, utamuona yumo ndani katikati ya ngozi mbili za jani, kiwavi kadogo kama punje ya uwele, nyuma yake mavi meusi, anatafuna taratibu hana wasiwasi na wewe. Dawa ya mguso unayomwagia juu ya jani anaisikia tu kama mvua ya nje. Inabidi iwe inayopenya kwenye jani, kama abamektini au emamektini, na hata hizo ukizipiga mfululizo msimu mzima anazizoea. Kibaya zaidi tunajidanganya tunabadilisha dawa kumbe tunabadilisha chupa. Mwenzangu mmoja kapiga lamda sihalothrini wiki tatu, akaona hafi, akasema ngoja nibadilishe, akanunua saipamethrini. Majina mawili, rangi mbili, kundi moja! Kwa mdudu ni ile ile. Angalia namba ya kundi kwenye lebo, kama zinafanana umerudia tu.

Mama mkwe wangu ni wa Machame, yeye dawa yoyote inayopigwa kwa pampu anaita mrututu, jina la ile dawa ya shaba ya bluu, hata ya kuua magugu ni mrututu, kwa sababu kakulia kwenye kahawa zilizopakwa bluu. Siku moja nikamsimulia mrututu na chokaa vilianzaje, kwamba kule Bordeaux, Ufaransa, wakulima wa zabibu walikuwa wanaipaka mizabibu ya kando ya barabara ionekane ina sumu ili wapita njia wasichume, profesa mmoja Millardet akaona mbona hii ya barabarani ina majani na ya ndani yamepukutika kwa ugonjwa wa ubwiri, akafanya majaribio akatangaza mwaka 1885. Mama akacheka sana, akasema kumbe wezi ndo waliotuletea dawa. Na sisi wa kando ya barabara ya Dar na Iringa wezi tunao, ila ugunduzi bado.

Kitu kimoja kinaniudhi na nitakisema haraka niondoke. Mtu anapiga dawa Jumatatu, Jumatano bei imepanda dalali kafika na gari, anavuna anajaza matenga, siku za kusubiri zimeandikwa kwenye lebo ila yeye anasema nyanya watakosha. Dawa iliyopenya ndani ya mmea unaikosha na nini? Afu kibarua aliyempigia alikuwa kifua wazi, kandambili, anapuliza akielekea upepo, na nozeli ikiziba anaizibua kwa mdomo. Kwa mdomo jamani.

Zile nyanya zangu, mistari ya mwisho nilivuna, ya mwanzo niling'oa nikapanda maharage. Sikupata hata nusu ya matenga niliyotarajia. Sasa hivi nina pampu mbili, ya magugu nimeifunga kamba nyekundu kwenye mshipi na nimeandika MAGUGU kwa maka kubwa tenkini, inakaa chumba chake. Juzi yule mzee jirani kaja, safari hii yeye ndo anaazima, yake imepasuka, anataka kupigia nyanya za mwanae. Nikamletea ile isiyo na kamba. Akaitazama, akachungulia ndani akaiona ya pili, akaniambia, "Kijana, mbona unaninyima hiyo yenye kamba, ndo ina nguvu zaidi nini?"