Jürgen, jina la mkulima

Tangu asubuhi jina Jürgen limenikaa kichwani. Huku kwetu tulilizoea kwa sababu ya mpira. Miaka yote ya kocha Mjerumani Jürgen Klopp pale Liverpool, 2015 hadi 2024, kibandaumiza kizima kilimwita "Jagen", kwa j ya jembe. Jioni hii nimeamua kulitamka taratibu, kwa sauti, mpaka linyooke.

J yake ni y ya yai, na g ni ile ya gari. R inafifia tu, e ya mwisho karibu imezwe. Kazi iko kwenye ü. Viringa midomo kama unayetaka kusema u, iache hivyohivyo, kisha sema i. Ukijitazama kwenye kioo utaona midomo haijasogea hata kidogo. Kilichokwenda mbele ni ulimi. Irabu hiyo haimo katika tano zetu, ila ulimi na midomo ya kuitoa tunayo sote. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema majina ya Kijerumani hayatamkiki.

Jürgen ni Georg kwa lahaja za kaskazini mwa Ujerumani, na Georg lilitoka kwa Wagiriki: georgos, mkulima, yaani ge, ardhi, na ergon, kazi. Lilienea pamoja na sifa za Mtakatifu George, shahidi anayekumbukwa tarehe 23 Aprili, na kila taifa likalitamka linavyoweza. Yuri wa Warusi ni jina hilohilo, Jiří wa Wacheki pia, na Joji wetu.

Kuna jambo limenigusa zaidi. Zama za Kati, wagonjwa wa ukoma walitengwa nje ya kuta za miji, na huko kaskazini nyumba nyingi walizotunziwa zilipewa jina la mtakatifu huyu. Mtaa wa St. Georg mjini Hamburg umeitwa hivyo kwa sababu ya nyumba ya namna hiyo. Watu walioogopwa na kila mtu waliwekwa chini ya jina la mkulima, nami naona lilistahili kazi hiyo.

Baadaye likashuka kusini. Miaka ya 1930 na 1940 Wajerumani wengi waliwapa watoto wao wa kiume, na Klopp mwenyewe alizaliwa Stuttgart mwaka 1967, mbali kabisa na pwani ya lahaja zile. Siku hizi vichanga wa Ujerumani hawapewi sana. Ningefurahi kusikia limerudi.