Anza na pindo, mji utafuata

Anayetaka kujifunza misingi ya sanaa za kuona hapa Zanzibar si lazima aanze na picha ya jahazi. Achukue kanga, aitandike mezani. Mstari, umbo, rangi na nafasi vyote vimo, na kosa halifichiki kwa sababu kila kitu kinarudiwa.

Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Wanaoanza hukimbilia mji. Huchora korosho moja kubwa, nzuri kweli, kisha pindo wakalipachika mwishoni. Hapo ndipo kazi inapoharibika, maana mdundo wa kanga umo kwenye pindo, na mdundo ni hesabu.

Chukua karatasi ya A3. Kanga huwa na kiasi cha sentimita 150 kwa 110. Ukigawa kwa tano unapata mstatili wa 30 kwa 22. Piga mstari mwingine ndani, sentimita 3 kutoka ukingoni kila upande. Sasa una pindo, miraba minne ya pembeni, na mji wa 24 kwa 16. Ua la pindo lenye upana wa sentimita 2 litaingia mara 12 upande mrefu na mara 8 upande mfupi, bila kubaki kitu. La sentimita 3 litakuhadaa: upande mrefu linaingia mara 8 barabara, lakini upande mfupi linaingia mara 5 na sentimita moja inabaki. Wengi hapo hulivuta ua la mwisho au kulikata, na jicho likipita linakwama papo hapo. Miraba ya pembeni itafutie umbo lake lenyewe, linalofanana pande zote, kama nyota au ua la duara. Umbo lenye kichwa na miguu litaonekana limelala kwenye nusu ya pembe.

Mji usiujaze. Nafasi tupu kati ya maua nayo ni umbo, ichore kwa makusudi.

Rangi, tatu zinatosha. Kwenye uchapaji wa skrini kila rangi hutaka fremu yake. Tazama kisutu, aina moja ya kanga: nyeupe, nyekundu, nyeusi. Nguvu yake ni kuachana kwa ukolezo, mmoja mwangavu, mmoja wa kati, mmoja wa giza. Nyekundu na kijani zilizokoza sawasawa hugombana tu. Ipige picha kazi yako kwa simu, uiondoe rangi. Ua na usuli vikigeuka kijivu kimoja, koleza kimojawapo. Kubadilisha rangi peke yake hakutasaidia.

Jina hukaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo refu la chini. Usianzie kushoto, herufi za mwisho zitabanana. Hesabu kwanza. MGENI NJOO MWENYEJI APONE ni nafasi 25 pamoja na mapengo. Kwa kisanduku cha sentimita 15, kila nafasi ni milimita 6. Ya 13 ni W ya MWENYEJI: iweke katikati kabisa ya kisanduku, uandike kwenda kulia, kisha urudi kushoto. M na W zipe upana zaidi, uupunguze kwenye I na J.