Draiva ya sauti ya USB: saa ya kifaa imekubali

Sehemu ya saa sasa imekaa sawa, nayo ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Kwa ufupi, naandika draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa) ya vifaa vya kurekodia na kuchezea sauti vya USB, ambayo kiini chake ni kile kile kwenye mifumo ya uendeshaji ya Linux, FreeBSD na Windows. Kikundi chetu cha taarab hapa Mji wa Kale kina kompyuta za kila namna, na nataka kifaa kifanye kazi vilevile popote kinapochomekwa.

Linux tayari ina draiva yake ya namna hii, snd-usb-audio, na ni kazi ya kuheshimiwa. Nimeisoma sana, hasa faili lake la vifaa vinavyokiuka kanuni, maana ni vingi mno. Kanuni zenyewe za sauti ya USB zipo wazi: toleo la kwanza lilitoka 1998, la pili 2006, la tatu 2016. Windows ilianza kulielewa la pili bila draiva ya mtengenezaji mwaka 2017, kwa hiyo kwa miaka mingi kila mtengenezaji alijipikia yake.

Turudi kwenye saa. Kifaa chetu kina kristali yake ya kuhesabu muda na hakifuati saa ya kompyuta. Kwa kasi ya USB ya kifaa hiki (ile iitwayo full speed), pakiti moja ya data hutoka kila milisekunde. Ukicheza sauti ya 44,100 Hz, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila pakiti inadai sampuli 44.1, na sampuli haigawanyiki. Basi unatuma 44 mara tisa, ya kumi unatuma 45. Kwa hesabu hiyo peke yake, wimbo ulikuwa unakatika. Mzee wetu wa udi aliusikia mkatiko kabla yangu, akainua kidole: "Hapo tena, mwanangu."

Jibu lilikuwa kwenye baiti tatu ambazo kifaa hurudisha kueleza kasi yake halisi. Nilitarajia 0x0B0666 (nambari ya heksadesimali), yaani 44.1 mara 16,384. Kikaleta 0x0B0680. Maana yake kinakula sampuli kama 44,101.6 kwa sekunde, zaidi ya tunazokipa. Bafa (akiba ya muda) ya sampuli 512, hata ikianza imejaa, inakauka kwa dakika tano na ushei. Nyimbo zetu hupita dakika kumi.

Sasa kiini kinaisoma nambari hiyo na kuijumlisha kwenye kila pakiti: biti za juu ndizo idadi ya kutuma, biti 14 za chini zinabaki kama salio la pakiti ijayo. Ni hesabu ya nambari kamili tupu, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu ndani ya kerneli, yaani moyo wa mfumo wa uendeshaji, hesabu za desimali zina masharti mazito. Tumerekodi na kusikiliza wimbo mzima bila mkatiko hata mmoja. Mzee hakuinua kidole.

Sheria nyingine niliyoiweka: kiini hakiombi kumbukumbu wakati sauti inatiririka. Kwenye Linux, sehemu ya programu inayoendeshwa pakiti inapomalizika hairuhusiwi kulala ikisubiri, kwa hiyo kila kitu kinatengwa mkondo wa sauti unapofunguliwa. FreeBSD na Windows nazo nimezifunga kwa sheria hiyo hiyo. Inakula kumbukumbu zaidi, lakini nalipa gharama hiyo kwa moyo mkunjufu kuliko kuwa na tabia tatu tofauti.

macOS nimeiacha kando. Tangu 2019 Apple imekuwa ikizitoa draiva nje ya kerneli, na pale muundo wangu haungefaa kitu. Windows inakwenda, ila kwa hali ya majaribio tu. Kwa wengine itabidi draiva ipate sahihi ya Microsoft kwanza.

Kinachofuata ni vifaa visivyorudisha zile baiti tatu. Kwa vifaa hivyo, kasi inabidi ihesabiwe kutokana na sampuli zinazoingia kutoka maikrofoni: zikiingia 45, nasi tunatoa 45. Kwa hiyo mkondo wa maikrofoni lazima ufunguliwe hata mtu anapotaka kusikiliza tu, na kiini changu bado kinaichukulia mikondo hiyo miwili kana kwamba haijuani. Naanzia hapo.