Siku moja maishani mwangu: kuhamisha posti za Instagram kwenda YouTube Shorts, nikiwa Mtwara

Saa 1:30 asubuhi

Mezani leo kuna posti tatu zilizokwishatoka Instagram na Facebook, zigeuzwe kuwa video za YouTube Shorts, zile fupi za wima. Moja ni mfululizo wa picha saba za kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara mjini. Nyingine ni video ya ulalo ya nyumba ya wageni Mikindani. Ya tatu ni bango la bei. Msimu wa korosho ukichanganya, kazi za namna hii huongezeka: wenye biashara wako maghalani na minadani, muda wa kupiga video mpya hawana, lakini simu zao zimejaa picha nzuri za mwaka jana.

Cha kwanza ni faili mama, yaani picha na video kama zilivyotoka kwenye kamera. Kupakua posti yenyewe kutoka Instagram ni kujikata miguu. Picha ilishabanwa ilipopakiwa, YouTube nayo itaibana tena, na mikunjo ya punje ya korosho ndiyo inayotangulia kupotea. Maandishi, stika na muziki navyo vimeshagandishwa juu ya picha, havitoki.

Ujumbe unakwenda kwa mwenye kiwanda: "Shikamoo mama. Zile picha na video za kiwandani naomba zitumwe WhatsApp kama dokumenti. Bonyeza alama ya kibanio, chagua Dokumenti, usichague Matunzio."

"Marahaba mwanangu. Zote hizo? Bando litakwisha."

Hoja yake ni ya kweli, maana video ya dakika moja ya 4K huweza kuzidi MB 300. Kwa mteja wa hapa mjini, flashi kupitia kwa bodaboda ni nafuu na haipunguzi ubora hata kidogo.

Saa 2:30

Saa nzima inaenda kwenye kusoma posti ya zamani, na kompyuta bado haijawashwa. Hapa ndipo wengi wanaporuka, halafu wanashangaa video haitazamwi. Aliyeona posti ile Instagram, mara nyingi alikuwa anamjua mwenye kiwanda. Wa Shorts ni mgeni, kidole kiko tayari kupitisha. Kwa hiyo picha ya kwanza ya mfululizo, yenye nembo na "Karibuni wateja wetu", inakwenda mwisho kabisa au inatoka. Picha ya tano, mkono ukishusha mpini wa mashine na ganda likipasuka, ndiyo inayofungua.

Maelezo ya posti nayo hayasomwi yalivyo. Instagram inaruhusu herufi 2,200, lakini msimulizi wa Kiswahili asiyekimbia anatamka kama maneno mawili kwa sekunde. Video ya sekunde 35 inabeba maneno 70, tena ukitaka apumue, 60. Posti hii ina karibu 150. Zinabaki sentensi zinazomfundisha mtu kitu: "Ganda hili lina mafuta yanayounguza ngozi. Ndiyo maana korosho haibanguliwi kwa mikono mitupu." Kisha mvuke, kubangua, kukausha kwenye tanuri, kumenya ngozi ya ndani, kuchambua kwa madaraja ya ubora. Na ile W320 iliyoandikwa kwenye pakiti inaelezwa: ni punje nyeupe nzima, 300 hadi 320 kwa ratili moja. Mnunuzi anayeijua namba hiyo haulizi tena kwa nini W240 ina bei kubwa. Punje zake ni kubwa zaidi, 220 hadi 240 zinatosha ratili.

Saa 4:00

Safari fupi ya kiwandani. Picha za mnato hazina sauti, na sauti ya ganda likipasuka ni nusu ya video hii. Simu inawekwa sentimita 20 kutoka kwenye mashine, redio ya kiwandani inazimwa, zinarekodiwa sekunde 30 mfululizo bila mtu kuongea. Baada ya hapo sekunde 30 nyingine za ukumbi mtupu, za kuziba mapengo wakati wa kuunganisha.

Tukiwa hapohapo tunapiga vipande vitatu vya video, kila kimoja sekunde 8, simu ikiwa wima. Taa za mirija zina tatizo lake. Umeme wetu ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), kwa hiyo taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikipiga kwa shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/60 ya sekunde, mistari myeusi inatembea juu ya picha, na hakuna programu ya bei ya kawaida itakayoitoa vizuri baadaye. Dawa ni kufungua hali ya kitaalamu (Pro) ya kamera ya simu na kuweka shata 1/50 au 1/100. Kwenye iPhone zima pia HDR, kipengele kinachopanua tofauti ya mwanga na giza, la sivyo punje nyeupe zitawaka kupita kiasi video ikishahamishwa.

Saa 6:00 mchana

Kuhariri. Mradi unafunguliwa wima, 1080 kwa 1920, fremu 30 kwa sekunde. Picha za posti hii zina umbo la 1080 kwa 1350, kwa hiyo zinaacha piseli 570 wazi, yaani 285 juu na 285 chini. Kuzivuta zijae kioo kunakata pembeni karibu asilimia 30 ya upana, na kwenye picha ya kuchambua madaraja, kilichoko pembeni ni mikono ya wachambuaji. Haikatwi. Inakaa juu kidogo ya katikati, nyuma yake inawekwa rangi moja tulivu iliyochukuliwa kwenye picha yenyewe. Mtindo wa kuweka nakala yenye ukungu nyuma siupendi kwa korosho, unafanya kila kitu kionekane cha manjano.

Kila picha inakaa sekunde 3 hadi 4, ikikuzwa taratibu kutoka asilimia 100 hadi 106. Zaidi ya hapo mtazamaji anahisi anasukumwa. Yenye maandishi inapimwa kwa kuyasoma kwa sauti mara mbili: muda huo ndio muda wake.

Maandishi yanahitaji uangalifu kuliko kitu kingine, kwa sababu kioo si chetu chote. Vitufe vya kupenda na kushiriki vinakaa kulia, jina la chaneli na kichwa chini. Tunaacha piseli 250 juu, 400 chini na 150 kulia bila neno lolote. Namba ya simu iliyokaa vizuri chini ya bango la Instagram ndiyo ya kwanza kufunikwa.

Video za simu zikiletwa kwenye kompyuta, mara nyingine mdomo unaachana na sauti kidogokidogo kadiri video inavyoendelea. Simu hubadilisha idadi ya fremu kulingana na mwanga, programu ya kuhariri inadhani ni 30 wakati wote. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, kwanza, chagua fremu zisizobadilika, ndipo uhariri.

Saa 8:30

Video ya Mikindani. Ni ya ulalo, 1920 kwa 1080, dakika moja na nusu. Ukiikata iwe wima unabaki na piseli 607 tu za upana, kisha unazivuta zifike 1080. Hapo ukungu unaonekana wazi hata kwenye simu ndogo. Ingekuwa 4K kusingekuwa na shida, maana kipande cha wima kinatoka na piseli 1,215, zinazotosha na kubaki.

Kwa kuwa si 4K, kioo kinagawanywa. Juu inakaa ghuba, chini boma la Wajerumani la 1895, kila picha ikiwa 1080 kwa 607, na katikati mstari mmoja wa maandishi: kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini. Mgeni anayepanga safari anataka hilo kabla ya kuona vitanda. Sekunde 90 zinashuka hadi 40.

Saa 10:00

Muziki. Wimbo uliochaguliwa ndani ya Instagram hauhami na video, kibali chake kilikuwa cha huko. Shorts sasa zinafika dakika 3, tangu tarehe 15 Oktoba 2024, lakini ikizidi dakika moja na ikadaiwa hakimiliki ya muziki, YouTube inaweza kuizuia. Kwa biashara tunachukua maktaba ya bure ya YouTube au tunaacha sauti ya kazi yenyewe. Penye msimulizi, sauti ya muziki haizidi asilimia 12.

Bango la bei tunalirudisha kwa mwenyewe. Bei ya korosho inabadilika, video inaweza kuendelea kutembea miezi sita, na mteja atakuja na bei ya zamani mkononi. Bei inakaa kwenye maoni yaliyobandikwa juu, ambayo huhaririwa kwa dakika moja.

Saa 12:15 jioni

Kupakia, faili ya MP4 iliyobanwa kwa mfumo wa H.264. Kichwa kina kikomo cha herufi 100, ila maneno yanayofanya kazi ni yale ya mwanzo: "W320 ni nini? Madaraja ya korosho Mtwara". Maneno "link kwenye bio" yanafutwa kila yalipo, katika maandishi na katika sauti. Linki za maelezo na maoni ya Shorts hazibonyezeki tangu mwishoni mwa Agosti 2023. Badala yake namba ya WhatsApp inatamkwa taratibu na kuandikwa kwa sekunde 4, na video ndefu ya kiwanda inaunganishwa kwa sehemu ya video inayohusiana. Kava huchaguliwa kutoka ndani ya video wakati wa kupakia kwa simu, kwa hiyo fremu yenye kichwa kikubwa lazima iwe imeshawekwa humo.

Saa 3:00 usiku

Takwimu za kuangalia kesho zinaandikwa kwenye daftari la mteja sasa hivi: waliotazama dhidi ya waliopitisha, na sekunde ambayo mstari unashuka. Wakipitisha mapema, tatizo liko kwenye picha ya kwanza, nayo inabadilishwa peke yake. Mstari ukishuka kwenye sekunde ya 20, hapo ndipo madaraja yanapoanza kuelezwa, na sentensi mbili zitatolewa kwenye toleo la TikTok kabla halijapanda.