Leo nimefunga luwombo

Jamani, leo nimekabidhiwa luwombo, kile chakula cha Kiganda kinachofungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke!

Tangu nianze kujifunza upishi hapa Kampala, kazi yangu ni kumenya matoke na kuosha masufuria. Mkono umezoea kisu, namshukuru Mungu.

Leo asubuhi mpishi mkuu, mama wa Kiganda mwenye maneno machache, akaniita: "Mwanangu, njoo ushike jani."

Jani la mgomba unalipitisha juu ya moto, taratibu, mpaka lilegee. Kisha unachonga ule uti wa katikati bila kulitoboa. Likitoboka, mchuzi wa karanga wote unavuja.

Na ile harufu ya jani likipata moto! Hadi sasa iko kwenye nguo zangu, na wala sitaki kuzifua.

Nikaweka kuku na mchuzi wa karanga, nikafunga kwa kamba ya mgomba, vifurushi vikaenda kwenye mvuke hadi mchana.

Mama akafungua kimoja, akaonja. "Peleka mezani."

Basi! Nimefurahi mno.

Wapishi wenzangu, nani alikuwa wa kwanza kuwaamini na chakula cha wateja? Mlipika nini siku hiyo? Niambieni.