Nilivyojifunza kutia saini mwisho

Kilichonitoa kwenye kazi yangu ya zamani, uuguzi katika makao ya wazee, ni karatasi. Usiku mmoja, hata saa tatu haijafika, nilichukua kalamu nikajaza chati ya kugeuza wagonjwa yote, hadi mstari wa alfajiri: saa nne ubavu wa kushoto, saa sita chali, saa nane ubavu wa kulia. Nikatia saini kila mstari. Mwenzangu alikuwa akifanya hivyohivyo upande wa pili wa wodi.

Tulikuwa wawili kwa wazee 38. Kati yao 12 hawakuweza kujigeuza, na tulitakiwa kuwageuza kila baada ya saa 2 ili wasipate vidonda vya kulalia upande mmoja. Piga hesabu: mizunguko 5 kwa usiku, mara wazee 12, ni kugeuza mara 60. Kila mmoja, pamoja na kumbadilisha nepi, anachukua kama dakika 10, tena ni kazi ya watu wawili. Hizo ni dakika 600, yaani zamu nzima, kabla hujagawa dawa hata moja wala kumwinua aliyeanguka. Basi tuliwageuza tulioweza, karatasi ikasema tumewageuza wote. Kisha bibi mmoja akatokwa na kidonda kwenye kifandugu, na faili lake halikuwa na dosari. Nililisoma, nikaona saini yangu ukurasa baada ya ukurasa, nikalia.

Nilipoitwa kwenye usaili wa makao mengine ya wazee, suala la mshahara nililiweka nyuma. Niliuliza matatu: usiku wauguzi ni wangapi kwa wazee wangapi, mtu akiugua ghafla nani anashika zamu yake, na muuguzi akikosea dawa inakuwaje. Hilo la tatu ukiwa na usaili usiliache. Aliyenihoji alijibu yote papo hapo, halafu akanitembeza wodini. Nikatazama midomo ya wazee kama imekauka, glasi za maji kama mkono unazifikia, kengele kama iko karibu na mto au imening'inia mbali ukutani. Mambo hayo hayaandaliwi kwa ajili ya mgeni wa nusu saa.

Nilidhani nikishapata mahali pazuri nitafanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza. Haikuwa hivyo. Mahali palibadilika, mikono yangu ikabaki ileile.

Wiki ya kwanza nilipewa mama mmoja mwenye shida ya kumeza, nimlishe. Nikasimama kando ya kitanda, kijiko kimejaa, nikitazama saa ya ukutani. Mwenzangu, mtu mzima aliyekaa pale miaka mingi, akavuta kiti. "Kaa, sista. Akikutazama huko juu anainua kidevu, na chakula kinapita pabaya." Nikakaa, macho yangu yakawa usawa wa macho yake. Nusu kijiko. Unasubiri koo lipande na kushuka, kisha unasubiri tena, kwa sababu mara nyingi humeza mara ya pili kumalizia kilichobaki. Mlo ule ulichukua dakika 40. Baada ya hapo tulimwacha amekaa wima nusu saa nyingine ili chakula kisirudi juu. Hakukohoa hata mara moja. Nilikuwa nimelisha wazee kwa miaka 6, na sikuwahi kumtazama mtu akimeza.

Wiki ya tatu ndipo nilipokosea. Asubuhi nilimpa bibi mmoja kidonge chake cha presha ndani ya kikombe kidogo, nikatia saini, nikasukuma kitoroli kwa anayefuata. Saa sita mchana, tulipokuwa tukimgeuza, nikakiona kidonge kwenye mkunjo wa shuka, kimelowa upande mmoja. Chati ilisema amemeza. Nitasema ukweli: niliwaza kukitia mfukoni. Nilikotoka, kosa lilimaanisha kufokewa mbele ya wagonjwa na pengine kukatwa mshahara, kwa hiyo makosa yalikuwa yakiishia mifukoni.

Nikampelekea metroni kile kidonge kiganjani. Alichouliza kwanza ni hali ya bibi. Tukampima presha, ilikuwa imepanda kidogo. Daktari akapigiwa simu, akaelekeza la kufanya, na kila kitu kikaandikwa kwa saa yake. Bibi alikuwa salama. Baadaye metroni aliniita pembeni, tukajaza fomu ya tukio. "Mwanangu, kwa nini ulitia saini kabla hajameza?" Nikamweleza habari ya chati za usiku, zote, hata ambazo hakuniuliza. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo kalamu yangu ikae mfukoni mpaka mdomo uwe mtupu.

Ilinichukua miezi. Mkono uliozoea kuandika kwanza unaitafuta kalamu wenyewe, na wakati mwingine ilibidi niiache mezani kabisa.

Juzi nilikuwa zamu ya usiku. Saa nane tuliingia wawili kumgeuza babu mmoja mwenye ngozi nyeusi sana. Kwenye ngozi kama yake wekundu wa mwanzo haujionyeshi, kwa hiyo unatumia mkono: unapapasa kisigino na kukilinganisha na cha pili, kama kina joto kupita mwenzake, kama kimekuwa kigumu au kinabonyea, na unamtazama usoni kama anaumia. Vyote viwili vilikuwa sawa. Tukamlaza ubavu wa kushoto, mto mgongoni, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Akafumbua macho, akauliza kama kumekucha.

"Bado, babu. Lala."

Nikavua glavu, nikanawa mikono, nikafungua chati. Mstari wa saa nane ulikuwa mtupu. Nikaandika: saa 8:10, ubavu wa kushoto, visigino vizima. Nikatia saini.